Oktoba 9 tunakwenda Kitante, na bibi yumo

Mmeuliza wiki hii: familia yako huisherehekeaje Sikukuu ya Uhuru? Yetu huenda Makumbusho ya Uganda, kilimani Kitante, jijini Kampala. Wala hatuanzii ndani penye makabati ya vioo. Tunazunguka nyuma, kwenye kijiji cha nyumba za asili.

Gwaride nalipenda. Kololo, si mbali na hapo, ndipo bendera ya Mwingereza ilipoteremshwa na yetu nyeusi, njano na nyekundu ikapandishwa usiku wa kuamkia Oktoba 9, 1962, na kila mtoto wa Uganda apajue. Lakini makumbusho yale yalianzishwa mwaka 1908, zama za ukoloni. Vitu vyetu vikakusanywa na kuelezwa na wageni. Basi siku ya uhuru, kwangu mimi, ndiyo siku ya kuvieleza wenyewe, kwa vinywa vyetu, mbele ya watoto wetu.

Mimi mzawa wa Arua, kaskazini magharibi, mume wangu Mgisu, mtu wa Bugisu huko mashariki, na nyumbani tunasema Kiswahili. Wanetu ni wa Kampala. Wanachojua ni gesi na sigiri, jiko la makaa. Pale wanainama kupita mlango mfupi, wanauliza, "Mama, moshi unatokea wapi?" Baba yao anawajibu kwamba unapenya kwenye nyasi za paa, na moshi huohuo ndio unaozuia wadudu kula fito.

Kinachonishika zaidi ni nguo ya magome, lubugo ya Waganda. Gome la mti wa mutuba hubanduliwa majira ya mvua, na shina hufungwa majani ya migomba ili liote gome jingine, mti hauuawi. Gome hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mipana kisha myembamba, hadi litanuke na kulainika. Likianikwa juani huiva rangi nyekundu ya kichuguu. UNESCO waliutambua ufundi huo mwaka 2005, nami hufurahi kuwaambia wanangu kwamba dunia nzima imeuthamini.

Wasomaji wenzangu, msiende na watoto peke yao. Mama mkwe wangu alipofuatana nasi, alisimama penye nyumba ya Bugisu akaeleza nani hulala wapi, kisha akaonyesha kwa mikono ulezi unavyosagwa juu ya jiwe: magoti chini, kiuno kikisukuma, unga ukidondokea mbele. Watoto wa watu tusiowajua wakasogea, wakamwita jaja, yaani bibi, wakamuuliza maswali mpaka wazazi wao nao wakakaa kumsikiliza. Hakuna kibao cha maelezo kingeweza kufanya hivyo.

Mwaka huu ni zamu ya mama yangu mzazi. Anakuja kwa basi kutoka Arua, na ameshaahidi kuwafundisha wajukuu kusokota kamba ya kuezekea. Mwenye mzee nyumbani amlete, tukutane kule nyuma asubuhi, kabla jua halijawa kali kwa wazee.