Wadogo zangu wa chumba cha ultrasound, tafuteni kikonyo kabla ya kutaja HIFU

Jumanne iliyopita nilikaa kwenye benchi la korido nikijaza rejista. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, nikamsikia mmoja wenu akimwambia mama mmoja wa Ujiji, "Usihofu mama, siku hizi uvimbe unaunguzwa kwa sauti, hukatwi hata kidogo." Yule mama akashusha pumzi mpaka mimi huku nje nikaisikia. Kalamu ilisimama mkononi.

Pumzi ile naijua. Niliwahi kumfanya mama mwingine aishushe hivyohivyo, na ikamgharimu sana. Nitaeleza nikifika huko. Sikuingia kukukemea mbele ya mgonjwa, maana hayo hayafanywi, lakini mchana wote sikupata raha. Ninyi ni watoto wazuri. Mnawahi kazini, mnawaamkia wazee vizuri, mikono yenu ni mizuri kuliko yangu nilipoanza. Ila HIFU, hiyo tiba ya kuunguza uvimbe kwa mawimbi ya sauti yaliyokusanywa, mmeisoma kwenye simu na sasa mnaigawa kama paracetamol. Kwa hiyo leo naandika, kila mtu asome.

1. Sauti ni ileile, kazi ni nyingine. Probu yetu ya tumbo, kile kifaa tunachokipitisha juu ya ngozi, inafanya kazi kati ya megahezi 2 na 5, na HIFU ya uvimbe wa kizazi mara nyingi iko karibu na megahezi 1. Kwa namba hizo tu mtu angedhani ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti iko kwenye nguvu na kwenye kuikusanya. Kikomo ambacho Marekani wanakiruhusu kwa mashine za picha ni miliwati 720 kwa sentimita moja ya mraba. Kule panapokutana miale ya HIFU, hesabu inaanzia wati elfu moja na kupanda. Sauti inaingia kupitia eneo pana la ngozi, kila sehemu ikipitisha kidogo, halafu yote inakutana ndani kwenye nukta moja yenye ukubwa wa punje ya mchele. Hapo joto linapita nyuzi 60 kwa muda mfupi tu na nyama inaiva. Wanasubiri pembeni papoe, wanahamia punje inayofuata. Sasa chukua uvimbe wa sentimita 7 uhesabu una punje ngapi, utaelewa kwa nini mgonjwa analazwa kifudifudi kwa saa kadhaa.

Mmoja wenu aliwahi kuniuliza, kwa nia safi kabisa, kama tukipandisha geini mpaka mwisho hatuwezi kuunguza walau kauvimbe kadogo. Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. Mdogo wangu, geini inakuza mwangwi unaorudi. Nguvu inayotoka haiigusi hata kidogo. Lakini nililipenda lile swali, na tangu siku hiyo namwuliza kila anayeingia mafunzoni. Mpaka leo aliyejibu sawasawa mara ya kwanza ni mmoja tu.

2. Hewa ni adui. Povu kwenye jeli kwetu linaharibu picha. Kule linaweza kuunguza ngozi, ndiyo maana maji yao yanaondolewa hewa kwanza na mgonjwa ananyolewa nywele za tumbo. Utumbo ukikaa njiani, ni hivyohivyo. Futa jeli yenye povu, paka nyingine, usiione uchungu.

3. Kikonyo, yaani ile shingo inayouning'iniza uvimbe kwenye kizazi.

Hapa nitakaa. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, hospitali nyingine, sina haja ya kuitaja. Alikuja mama mmoja wa Kibirizi, umri kama miaka thelathini na minne, mumewe mvuvi wa dagaa. Tumbo lake lilikuwa limejaa upande wa kulia, anakwenda haja ndogo kila saa, na majirani walikuwa wameshaanza kumpa hongera ya mimba. Aliniambia hilo la hongera akiwa ameangalia ukutani. Watoto alikuwa nao wawili, wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji, na kidonda kile kilimtesa miezi minne. Kilifunguka, kikatoa usaha, akalala wodini mpaka mwanawe akaanza kukaa. Alinieleza yote hayo huku nikipaka jeli juu ya lile kovu. Lilikuwa kovu pana, la wima, kutoka chini ya kitovu. Nililiona kwa macho yangu. Nililifuta jeli kwa mikono yangu.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu na umeme ulikuwa umekatika mara mbili. Kibofu chake kilikuwa nusu. Nilipaswa kumwambia, nenda kanywe maji, kaa saa moja, urudi. Sikumwambia. Niliweka probu, nikaona uvimbe mkubwa umekaa juu ya kizazi, mviringo mzuri, kingo safi, nikapima sentimita 7, nikaandika: fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani) moja kubwa, sehemu ya juu ya kizazi. Sikuwasha dopla, inayoonyesha damu inavyopita. Sikuubonyeza kwa mkono nione kama unateleza peke yake au unakwenda na kizazi. Sikumgeuza ubavu. Dakika sita, mgonjwa mwingine.

Angeishia hapo ingekuwa ripoti mbovu tu, na daktari angeisahihisha. Lakini alipokuwa anafunga kitenge aliniuliza, "Dada, lazima nikatwe tena?" Na mimi wiki ile nilikuwa nimetoka kusoma makala kuhusu HIFU. Nilijua kwamba Wachina wameitumia tangu miaka ya tisini, kwamba Marekani waliiruhusu kwa fibroidi mwaka 2004. Nilijua yote hayo nusunusu, kama kile kibofu. Nikamwambia ipo tiba ya sauti, bila kisu, India wanafanya. Akashusha pumzi.

Baada ya wiki chache nilisikia wameuza injini ya mtumbwi. Baadaye wakauza na kiwanja walichokuwa nacho Mwandiga. Ndugu wakachanga. Ripoti yangu ilitumwa kule na, kwa jinsi nilivyoiandika, wakamwambia aje. Akapanda treni siku mbili mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo ndege, mtu ambaye safari yake ndefu kabla ya hapo ilikuwa Kasulu.

Walimpiga MRI, wakamrudisha bila kumgusa.

Alikuja kwangu na faili la plastiki. Hakupiga kelele, na mpaka leo natamani angepiga. Aliweka ripoti yangu mezani, ule mstari wangu mmoja ukiwa umepigiwa kalamu nyekundu chini yake, akaniambia, "Dada, walisema ndani kuna kamba. Wewe hukuiona?"

Nikamwambia anywe maji. Alikunywa chupa mbili tukisubiri pamoja, kimya. Kibofu kilipojaa nikaweka probu, nikabonyeza kwa mkono wa kushoto, na uvimbe ukateleza kama embe linaloning'inia. Nikawasha dopla, mishipa ikaonekana inavuka kutoka kwenye kizazi kuingia kwenye uvimbe, ndani ya shingo nyembamba isiyofika sentimita mbili. Haikuchukua dakika. Nilimgeuzia skrini. Akanyoosha kidole, akauliza, "Ndiyo hiyo?" Nikasema ndiyo hiyo mama. Akaiangalia muda mrefu.

Uvimbe wa kikonyo chembamba hauunguzwi. Ukifa unaweza kukatika na kubaki unaelea tumboni. Na kovu lile lingekuwa sababu ya pili hata kikonyo kisingekuwepo, kwa sababu kovu nene linanyonya sauti na ngozi hapo inaungua. Sababu zote mbili zilikuwa chini ya mkono wangu siku ile ya kwanza. Moja sikuitafuta. Nyingine nilisimuliwa na mwenyewe, nikaipaka jeli.

Na kinachoniuma zaidi ya vyote ni hiki: wa kikonyo ndio uvimbe mwepesi kuliko yote kwa mpasuaji. Alifanyiwa hapahapa mkoani. Daktari alifunga shingo ile, akaukata, na kidonda safari hii kilifungwa vizuri, akatoka siku ya nne. Injini haikurudi. Mumewe alivua kwenye mitumbwi ya watu miaka miwili kabla ya kununua nyingine. Nikipita Kibirizi huwa ananisalimia kwa heshima zote, anauliza hali ya nyumbani, na mimi hujibu nikiangalia ziwa.

4. Ripoti ya fibroidi isiishie "kubwa" na "ndogo". Idadi, ukubwa wa kila mmoja kwa pande tatu, uko ndani ya kizazi, ukutani au nje, una kikonyo au hauna na unene wake, kina kutoka kwenye ngozi, utumbo uko wapi, kovu liko wapi. Hata kama mgonjwa hatakanyaga kituo cha HIFU maishani mwake, mpasuaji atakushukuru.

5. Uliza hedhi. Uvimbe unaokua baada ya hedhi kukoma, hasa wenye damu, usiupe jina la fibroidi ukafunga faili; mpigie daktari siku hiyohiyo, maana unaweza kuwa saratani, na uvimbe wa namna hiyo hauunguzwi kwa kubahatisha.

6. Hata fibroidi sahihi haifai kila wakati. Kwenye MRI, zile nyeusi huwa zinaiva vizuri, zile nyeupe zilizojaa maji na damu zinapoza joto na kukataa. Probu yetu haituambii hilo kwa uhakika, kwa hiyo usimwahidi mtu. Na anayetaka kuzaa bado, mwache azungumze na daktari wa wanawake kwa kina. Marekani walipoiruhusu mwaka 2004 ilikuwa kwa wanawake waliokwisha kumaliza kuzaa.

7. Siyo kizazi tu. Wazo lenyewe ni la zamani: majaribio ya kuunguza kwa sauti iliyokusanywa yaliandikwa mwaka 1942, na miaka ya hamsini ndugu wawili wa ukoo wa Fry, Marekani, walikuwa wanalenga ndani ya ubongo, ila iliwalazimu kufungua fuvu kwanza kwa sababu mfupa uliwazuia. Leo kwa mgonjwa wa kutetemeka mikono wanapitisha sauti kwenye fuvu lililofungwa. Tezi dume inafikiwa kwa probu ya njia ya haja kubwa. Ini linasumbua kwa sababu ya mbavu na pumzi. Mwaka 2023 Marekani waliruhusu njia nyingine kwa ini, ambayo haipiki nyama bali inaivunja kwa viputo vidogo.

Mwezi uliopita alikuja mzee wa Kasulu, saratani ya tezi dume imeshafika kwenye nyonga, hawezi kukaa upande mmoja. Mwanawe amesoma mtandaoni, akamwuliza mmoja wenu kama HIFU inaponya, naye akasema, "Inasaidia." Mwanangu, inasaidia nini? Kwa mfupa, kilichoruhusiwa mwaka 2012 ni kupunguza maumivu. Mfupa unanyonya joto, mishipa ya fahamu kwenye utando wake inakufa, mzee anapata usingizi. Saratani inabaki. Kijana wa watu alikuwa tayari kuuza ng'ombe kwa neno lako moja. Nilikaa naye nje, chini ya mwembe, nikamweleza polepole, akashika kichwa. Kisha tukazungumza habari ya morfini, ambayo ndiyo mzee aliyoihitaji usiku ule.

8. Akirudi mgonjwa aliyekwisha kutibiwa, uvimbe utaukuta bado upo. Hauyeyuki siku ile kama siagi kwenye kikaango. Unakufa kwanza, unanywea kwa miezi. Linganisha vipimo, angalia kama dopla bado inaonyesha damu ndani, na usiandike "tiba imeshindikana" kwa sababu tu umeona kitu cha mviringo. Mwulize pia kuhusu ganzi ya mguu na ngozi ya tumbo. Mishipa mikubwa ya fahamu ya mguu inapita nyuma ya pale wanapopiga.

9. Mgonjwa akikuuliza, "Lazima nikatwe?", jibu ni, "Daktari atakueleza njia zote, mimi nitamwandikia kila ninachokiona." Mnaniona mkali kwa hili. Sawa.

Sasa yule mama wa Ujiji. Nimempigia simu, anarudi Alhamisi saa mbili asubuhi, nimemwambia asiende haja ndogo kabla ya kipimo. Nimeangalia picha ulizohifadhi: tatu, zote za upande mmoja, dopla hakuna. Mwenyewe unajijua. Utampima tena wewe. Washa dopla, bonyeza kwa mkono wa kushoto, mgeuze ubavu, mwulize kuhusu upasuaji wa nyuma. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kile kiti cha nyuma, na tutakaa humo mpaka uwe umeniambia kwa uhakika kama kuna kikonyo au hakuna, hata foleni ikifika getini.