Mbalamwezi na giza: mwezi unachomoza saa ngapi, na dagaa ununue lini

Mkuu umeuliza vitu viwili, kwanza kwa nini umeambiwa usije Mwanza kununua dagaa wakati wa mbalamwezi, pili imekuwaje usiku saa mbili hukuuona mwezi kabisa halafu kesho yake saa tatu asubuhi ukauona kweupe juani. Jibu ni moja mkuu, tulia nikueleze, maana mimi nimekaa kwenye kambi za dagaa visiwani miaka mingi na sasa nanunua nashusha pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa hapa Mwanza.

Dagaa wa ziwani anavuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi ni za sola. Mnaziwasha zinaelea juu ya maji, mnakaa kimya mnasubiri dagaa wajae chini ya ule mwanga, hapo ndo nyavu inashuka. Sasa taa inavuta kwa sababu kwingine kote ni giza totoro. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, baharia mmekesha na petroli ya injini mmechoma na mnarudi mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhushia, na vindoo viwili vitatu. Ndo maana tajiri mwenye mtumbwi anasema bora mtumbwi ulale, watu washone nyavu.

Ila wanunuzi wageni wanadhani kuna usiku wa mwezi na usiku wa giza, basi. Hapana. Kinachohesabiwa ni masaa ya giza, na hayo unayapata ukijua mwezi unachomoza saa ngapi na unazama saa ngapi.

Kila siku mwezi unachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Ni kwamba wakati dunia inajizungusha, mwezi nao unasogea kuelekea mashariki, ukilinganisha na jua ni kama digrii 12 kwa siku, na dunia inatumia dakika 4 kuzunguka digrii moja, kwa hiyo kila siku inabidi iukimbilie kidogo. Ukizidisha unaipata hiyo 50 kasoro kidogo, na huku kwetu karibu na ikweta haibadiliki sana siku hadi siku, ndo maana wazee wanahesabu kichwani bila simu na hawapotei.

Sasa chukua Mwanza, jua linazama kwenye saa moja kasoro dakika kumi jioni. Mwezi ukiandama unauona magharibi dakika chache tu kisha unazama nyuma ya jua, usiku wote unabaki wenu. Usiku wa tatu unazama saa tatu na kitu, bado hamjapoteza chochote maana hata taa ndo kwanza zinakaa sawa. Ukifika nusu, kama siku ya saba, unazama karibu saa saba usiku, kwa hiyo mnaondoka mwaloni kwa kuchelewa na kazi kubwa mnaifanya alfajiri. Siku ya kumi unazama saa tisa, hapo kambi nyingi zinaanza kufunga. Tarehe 14 au 15 ya mwezi mwandamo ni mpevu, jua linazama huku mwezi unachomoza kule, na unazama jua likitoka, yaani hakuna hata saa moja ya giza.

Baada ya mpevu mambo yanageuka, giza linaanzia jioni. Siku tatu baadaye mwezi unachomoza saa tatu na dakika ishirini, siku ya tano ni saa tano kasoro, kwa hiyo mnawasha mapema jua likizama tu, mnavuta mtupo mmoja au miwili kabla mwezi haujatoka mlimani. Kuna kambi zinaijua hii zinarudi majini mapema kuliko wengine, na dagaa wa siku hizo wana bei nzuri kwa sababu sokoni hakuna mzigo.

Na nusu mwezi usikutishe. Haina nusu ya mwanga wa mpevu, inatoa kama sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu pale jua linaupiga mwezi kwa ubavu, milima na mashimo yake yanatupa vivuli. Kwa hiyo simu ikikuandikia asilimia 50 usiahirishe safari.

Turudi kwenye swali lako la pili. Uliouona asubuhi ni ule ule, ni siku kama nne baada ya mpevu. Saa mbili usiku ulikuwa bado, ukachomoza kama saa nne umelala, na kuzama kwake ni saa nne na nusu asubuhi, ndo ukaukuta bado uko magharibi. Shika hivi: mwezi wa asubuhi upande wa magharibi unapungua, giza linakuja. Mwezi wa alasiri upande wa mashariki unakua, mbalamwezi inakuja. Na ukiona kwenye programu ya simu kuna siku haina saa ya kuchomoza usidhani imeharibika, kila mwezi ipo siku moja hivi kuchomoza kunaruka saa sita usiku na kuangukia tarehe inayofuata.

Wadau wa pwani nyie mna na bamvua (maji yanayojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanayojaa na kupwa kidogo) juu yake, ziwani hayo hatuna, tunahesabu mwanga tu.

Kuhusu safari yako, usije tarehe 12 mpaka 18 ya mwandamo. Njoo kuanzia 22 hivi, mzigo unakuwa umeshaanza kushuka na umepata jua la kutosha kwenye chanja za kuanikia. Ukilazimika kuja mbalamwezi jua utauziwa akiba ya giza lililopita, kwa hiyo shika kiganjani: dagaa mpya ana rangi ya fedha, aliyekaa anaingia unjano na ukimminya anakuwa unga, na harufu yake ya mafuta yaliyochacha utaisikia kabla hujafungua gunia vizuri. Huyo punguza bei au muache.