Wenye hostingi wanafunga FTP, nihamie wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina ofisi ya kuchapa mabango na kadi za harusi hapa Morogoro, mwaka wa 6 sasa. Wateja wangu wakubwa wananitumia kazi kwa FTP, njia ya kutuma na kupokea faili mtandaoni, kila mmoja nimemfungulia akaunti yake, maana bango moja linaweza kufika MB 600 na kwa imeili haliendi. Sasa wenye hostingi, wanaonikodishia seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza faili), wametuma ujumbe eti mwisho wa mwezi FTP inafungwa. Mbona inafanya kazi tu? Shida yake ni moja, mteja akiwa kwenye wifi ya hotelini anaingia vizuri ila orodha ya faili haiji, inazunguka mpaka inakata. Nifanyeje bila kuwavuruga wateja?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hao hawakukomoi, tena wamechelewa, Debian, watengenezaji wa mfumo wa kompyuta, walifunga FTP yao ya umma tangu 2017, na brauza za Chrome na Firefox zote ziliiondoa 2021. Ni kitu cha 1971 hicho, kipindi ambacho waliokuwa kwenye mtandao ni wachache na wanaaminiana, kwa hiyo paswedi inapita njiani ikiwa uchi kabisa. Jaribu mwenyewe leo, washa Wireshark, programu ya kuona data inayopita kwenye mtandao, kwenye laptopu yako, andika ftp pale kwenye kichujio, halafu ingia kwenye seva kama kawaida. Utaona mstari wa USER na jina lako, na chini kidogo PASS na paswedi yako yote, herufi kwa herufi. Mtu mwenye nia mbaya kwenye ile wifi ya hoteli anaweza kuona hivyohivyo, usiku anaingia anafuta kazi ya mtu, na harusi ni Jumamosi.

Hiyo ya orodha kuzunguka nayo inatoka hapohapo. FTP inatumia njia mbili, poti (mlango) 21 ya kupeana amri, halafu kila ikitaka kuleta orodha au faili inafungua njia nyingine pembeni, na faiwoli (vizuizi vya usalama vya mtandao) nyingi zinaiziba hiyo ya pili.

Hamia SFTP. Usichanganye na FTPS, ile ni FTP ileile imefunikwa tu, njia bado mbili, hoteli itakusumbua vilevile. SFTP inapita ndani ya SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva, kwa kawaida poti 22 peke yake, na kila kitu kimefichwa. Wateja wanaotumia FileZilla hawana haja ya programu mpya, kwenye protokali wachague SFTP basi. Mara ya kwanza itawauliza kama wanaiamini seva na kuwaonyesha alama yake, mlolongo mrefu wa herufi na namba. Iombe alama hiyo kwa wenye hostingi, warushie wateja WhatsApp walinganishe kabla ya kukubali, watu wengi wanabonyeza tu hapo na ndo mahali seva feki inapoweza kuingia.

Kabla hujamwambia mteja yeyote lakini, kuna kitu uwaulize wenye hostingi, na hiki naomba usikiruke. Kwenye hostingi nyingi za bei nafuu SFTP inakubali akaunti kuu tu, zile ndogo ulizowafungulia wateja zinagoma. Wakikujibu hivyo, tafadhali usije ukagawa paswedi ya akaunti kuu, hapo kila mteja utakuwa umempa tovuti yako nzima na kazi za wenzake. Bora uweke Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kupokea faili kwenye seva, kila mteja unamtengenezea linki ya kupakia tu, anafungua kwenye brauza anaburuta faili lake na vya wengine havioni, hata yule wa kadi moja kwa mwaka ataweza.

Ukipata njia, usisubiri mwisho wa mwezi. Anza na mteja mmoja unayeelewana naye, atume bango zito kabisa, ulifungue uone limefika zima, ndo uende kwa wengine. Wote wape paswedi mpya, hizo za zamani zimeshapita uchi miaka 6.