Kanali hakuomba karatasi

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Hatimaye umeiangalia *Paths of Glory*, ile filamu ya jeshi la Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na swali lako limenikalia kichwani: kwa nini Kanali Dax alikubali kuongoza shambulio alilojua fika kwamba halitafanikiwa? "Mama, si angekataa tu?"

Alianza kwa kukataa, mwanangu. Jenerali Mireau naye mwanzo alisema kile kilima cha Wajerumani walichotakiwa kukiteka hakichukuliki, mpaka mkubwa wake, Broulard, alipomdokezea habari ya kupandishwa cheo. Ghafla kikachukulika. Akateremka mahandakini kwa Dax, na Dax alipobisha akaambiwa atapewa likizo na kikosi apewe mwingine. Hapo akalegea. Wewe umeona woga. Mimi naona mtu anayewapenda askari wake kiasi cha kutotaka wafe mikononi mwa mgeni, na Mireau alijua kabisa pa kumkamatia. Hata siku yenyewe Dax alitoka wa kwanza, kipenga mdomoni na bastola mkononi.

Lakini yupo aliyekataa kweli, nawe hukumtaja. Kapteni Rousseau, wa mizinga. Mireau anatazama kwa darubini, anaona baadhi ya askari hawajatoka handakini kwa jinsi risasi zilivyowazidi, anaamuru kwa simu mizinga iwapige haohao. Rousseau anajibu kwa adabu zote: siwezi, labda nipate amri kwa maandishi, yenye sahihi ya jenerali. Anatishiwa kupigwa risasi yeye mwenyewe. Hatetereki. Hahubiri haki wala utu, anadai karatasi tu.

Mimi niliyezeeka stoo nilicheka kwa sauti. "Toa tu mama, karatasi itafuata" nimeisikia mara ngapi! Anayekwepa kuandika anajua vizuri sana anachokuagiza.

Basi itazame filamu nzima kwa jicho hilo. Broulard hakuandika, alinong'ona kwenye kasri huku akisifia mazulia. Mireau hakuandika. Mahakama ya kijeshi iliyofuata baada ya shambulio kushindwa ndiyo usiseme: hati ya mashtaka haikusomwa, upande wa mashtaka haukuleta shahidi, na hapakuwa na mtu wa kuandika kumbukumbu za kesi. Dax, ambaye uraiani alikuwa wakili, alilalamikia hayo yote na asisikilizwe. Askari watatu wakahukumiwa kifo kwa woga mbele ya adui. Arnaud aliangukiwa na kura, Ferol alionekana hana maana kwa jamii, na Koplo Paris alichaguliwa na Luteni Roget kwa kuwa alimwona Roget, akiwa amelewa, akimuua mwenzao kwa guruneti. Roget huyo ndiye pekee aliyeandika ripoti, na ilikuwa ya uongo. Arnaud alivunjika fuvu rumande, akabebwa kwa machela, akafungwa nguzoni nayo, akafinywa mashavu afumbue macho kidogo kabla ya kupigwa risasi. Sehemu ile siwezi kuitazama mara mbili.

Usidhani ni mambo ya sinema tu. Huko Souain, Ufaransa, Machi 17, 1915, makoplo wanne wa jeshi la Ufaransa walipigwa risasi baada ya kikosi chao kushindwa kutoka handakini. Blanche Maupas, mjane wa mmoja wao, mwalimu wa shule, aligonga milango ya mahakama mpaka 1934 ndipo majina yao yakasafishwa. Fidia yake ilikuwa faranka moja.

Kwa hiyo nadhani Dax alipaswa kumwambia Mireau aiandike ile amri ya kushambulia palepale handakini, na aitie sahihi. Je, ingewaokoa wale watatu? Sina hakika, maana usiku wa kuamkia siku ya kupigwa risasi kwao Dax alimpelekea Broulard maelezo ya kiapo ya Rousseau na wenzake kuhusu ile mizinga. Broulard aliyapokea, akarudi kwenye dansi. Asubuhi watatu walikufa, kisha karatasi zilezile zikatumika kumwangusha Mireau, na Dax akaahidiwa kiti chake, kana kwamba ndicho alichokuwa anakitafuta. Tusi alilomtupia Broulard nimelipenda kuliko hotuba yake yote ya mahakamani.

Ukiirudia, Rousseau anaonekana kwa muda mfupi sana. Usiende jikoni wakati huo.

Mama yako