Barua kwa Mwanangu: Hesabu ya Kadege

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza pesa ulizoimbia utotoni zilikwenda wapi, na kwa nini hadi leo mwili unakusisimka mtu akikuita Kadege, lile jina lako la uimbaji. Nianze na pesa, ndizo nyepesi.

Daftari lipo. Tangu una miaka 8 mpaka sauti ilipokuvunjika una 14, niliandika kila harusi, kila ubatizo, na lile tangazo la sabuni redioni. Jumla dola 1,840. Zimekwenda kwenye mabati, maana volkano ya Nyiragongo ilikuwa imemeza nyumba yetu ya Goma Januari 2002 na tulikuwa tungali kwenye mbao juu ya mawe ya volkano. Zimekwenda kwenye minervali, ada ya shule ya dada zako, na dawa za baba yako, Mungu amrehemu.

Umenitajia Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921. Alipokuwa mkubwa akakuta mama yake na baba wa kambo wamekula mamilioni yake. Akawashtaki mwaka 1938, akaambulia kama dola 126,000 tu. Mwaka uliofuata California ikatunga sheria, na siku hizi huko asilimia 15 ya malipo ya mtoto inawekwa akiba kwa jina lake. Nilikasirika, baba. Nikasema huyu ananiita mwizi. Lakini mama yule alijitetea kwamba pesa ya mtoto mdogo ni ya mzazi, na sheria ya wakati ule ilimkubalia. Mtu angeniuliza mimi miaka ile, ningejibu vilevile.

Sasa lile zito. Usiku mmoja huko Majengo walikusimamisha juu ya kreti ya bia ili uifikie maikrofoni. Watu wakakubandika noti kwenye paji la uso. Nilikubeba mgongoni kurudi, umelala, na dola moja ingali imeganda kwa jasho juu ya jicho lako. Niliibandua taratibu usiamke. Ikachanika pembeni. Unawajua wabadilisha pesa wa Goma: dola yenye mchaniko hata wa ukucha hawaigusi. Ninayo hadi leo.

Sikuwa na huzuni usiku ule. Nilikuwa nimevimba kwa raha. Sokoni waliniita Mama Kadege, wakaniongezea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, bila kupima. Sauti yako ilipovunjika, wewe ulilia siku mbili, ukaenda kucheza mpira. Aliyebaki kwenye matanga ni mimi.

Ndiyo maana Mei 2021, volkano ilipolipuka tena na tukakimbilia Sake na magodoro kichwani, yule mwanamke alipokutambua na kusema, "Si wewe Kadege? Tuimbie," ni mimi niliyekugusa kwa kiwiko. Uliimba nusu ubeti kwa sauti ya mwanaume, watu wakacheka, ukanyamaza mpaka tulipofika. Nilijifanya sikuona. Niliona.

Kwa hiyo sisemi nilikuwa sijui. Jina lile nililipenda kuliko wewe, nikaendelea kukuvisha likiwa limeshakubana. Majirani nimewaambia wakuite jina lako la ubatizo. Wawili wamekubali, wengine wanasahau, nitawakumbusha.

Asilimia 15 ya 1,840 ni dola 276. Leo nimekutumia 40 kwa simu. Zilizobaki nitatuma kila nikiuza unga vizuri. Ile iliyochanika siihesabu humo.

Mama yako