Mvuvi, tanga na "safarini": jibu refu kuhusu fasili za kanuni za kuzuia migongano majini

Mkuu, nimelisoma swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Unasomea cheti cha kuendesha vyombo vidogo, mwalimu amewataka muijue Kanuni ya 3 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, na umekwama sehemu tatu. Mtumbwi wenye tanga na injini uhesabiwe nini? Mtumbwi uliozimwa injini na unaelea tu, uko safarini au hauko? Na binamu yako wa Igombe anayesema mvuvi hupishwa siku zote, yuko sahihi? Mimi nimekula chumvi kidogo katika ubaharia wa ziwa hili letu la Victoria, nilianza na kufunga kamba gatini, nikafika kushika zamu ya usiku kwenye usukani, na siku hizi nawaelekeza vijana wanaojiandaa na mtihani kama wako. Naomba nijibu kwa kirefu, maana mambo haya yakieleweka nusu ni hatari.

Kanuni ya 3 watu wengi huiruka. Wanakimbilia kanuni za kupishana na za taa kwa sababu ndizo zinazoulizwa sana, halafu wanachanganyikiwa, kwa kuwa kanuni nyingi za mbele huko zinaanza kwa kutaja chombo cha aina fulani, na aina hiyo imekwisha kuamuliwa kwenye fasili. Ukizisoma kwa utulivu utaona nyingi zinauliza jambo moja: chombo hiki kinafanya nini sasa hivi? Haziulizi kimeundwa kwa kazi gani, wala leseni yake imeandikwa nini.

Chukua boti moja ya dagaa, ya mbao, yenye injini nyuma, inatoka mwaloni, yaani ufukoni pa wavuvi, jioni ya giza la mwezi. Inapokata maji kwenda kilindini ni chombo cha mashine tu. Kuwa na nyavu ndani, taa zimepangwa na wavuvi wameketi juu ya mbao hakuibadilishi kuwa chombo kinachovua. Ikikutana na mtumbwi unaokwenda kwa tanga peke yake, boti ndiyo inayopisha. Inafika, inashusha taa majini, inazima injini na kusubiri dagaa wakusanyike. Hapo bado ni chombo cha mashine, na bado iko safarini ingawa haisogei. Wavu ukishatupwa, na ukawa unaizuia boti kugeuka na kukwepa ipasavyo, ndipo inapokuwa chombo kinachovua. Wavu ukipandishwa na injini ikawashwa kuelekea taa ya pili, inarudi kuwa chombo cha mashine, na hadhi ile imekwisha mpaka wavu utakapotupwa tena.

Sasa jiweke upande wa pili, kwenye usukani wa meli inayotoka Nansio kuja Mwanza usiku wa namna hiyo. Mbele yako taa zimetapakaa kama mji mzima umejengwa juu ya maji. Nyingi ya hizo si boti. Ni taa zilizofungwa juu ya vielea, zamani karabai, siku hizi mara nyingi za betri na sola, zimeachwa zivute dagaa wakati wavuvi wako pembeni. Fasili inasema chombo ni kitu chochote cha majini kinachotumika, au kinachoweza kutumika, kusafiria au kusafirishia juu ya maji, kwa hiyo kielea cha taa si chombo. Lakini ukikipita juu unaharibu riziki ya watu, na kibaya zaidi, boti yenyewe mara nyingi iko gizani hatua chache kutoka kwenye taa ile. Nilifundishwa kutafuta kwa darubini doa jeusi lililo kando ya mwanga, na nimeliona mara nyingi: umbo la boti, mtu amesimama anavuta kamba, hakuna taa hata moja juu yake. Mwambie binamu yako jambo hili kabla ya jingine lolote. Taa ya kuvutia dagaa haihesabiwi kuwa taa ya chombo kinachovua. Taa ya mvuvi asiyekokota jarife ni nyekundu juu na nyeupe chini yake, zote zikionekana pande zote, na akiwa anakata maji anaongeza za ubavuni na ya nyuma. Zana zake zikitandazika zaidi ya mita 150 kutoka chomboni, anaongeza taa nyeupe upande zilikoelekea. Mchana anaonyesha pia mbili nyeusi, yaani maumbo ya koni, zilizogusana ncha.

Kuhusu kupishwa siku zote, hapana. Ni kweli Kanuni ya 18 inamtaka mwenye mashine na mwenye tanga wampishe anayevua. Lakini fasili imeweka sharti kwamba zana ziwe zinamzuia kugeuka na kukwepa. Nyavu na migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, vinaingia. Anayekwenda huku akiburuta kamba ya ndoano nyuma haingii, maana anaweza kugeuka atakavyo. Vilevile wale wanaotega nyavu za sangara jioni, wakarudi nyumbani na kuzifuata alfajiri: njiani kwenda na kurudi hawavui, wanasafiri. Halafu kuna Kanuni ya 9, ambayo naona watu wa mialo hawaelezwi vya kutosha. Kwenye njia nyembamba, chombo kinachovua hakiruhusiwi kuzuia chombo kingine chochote kinachopita kwenye njia hiyo. Ukiyajua maji yetu, mawe yanayochomoza kila mahali na visiwa vilivyobanana, utaelewa kwa nini kutanda wavu katikati ya mapito ya meli kisha kudai upishwe hakukubaliki. Na anayekipita chombo kingine kutoka nyuma ndiye anayekikwepa, hata kama ni mvuvi.

Isitoshe, anayepishwa naye ana wajibu. Anatakiwa ashike mwelekeo na mwendo wake ili mwenzake ajue anakwepa nini, na akiona mgongano hauwezi kuepukwa kwa juhudi za yule mmoja, naye lazima achukue hatua.

Swali la tanga na injini ni jepesi. Chombo ni cha tanga pale tu kinapoenda kwa tanga na injini, kama ipo, haitumiki. Injini inayoning'inia nyuma imenyanyuliwa haikuondolei hadhi ya tanga. Ukiiwasha na tanga likiwa juu, wewe ni chombo cha mashine, unapisha kama mashine, usiku unawasha taa za mashine, na mchana unatundika koni (pia) nyeusi mbele, ncha ikitazama chini, ili wengine wasidanganywe na tanga lako. Sijaona mtumbwi wetu hata mmoja ukitundika pia hiyo, lakini mtihani unaiuliza.

Mtumbwi wa kasia, jambo ambalo hukuliuliza, umeachwa katikati. Ni chombo bila shaka. Si wa mashine, si wa tanga, na kwenye mpangilio wa nani ampishe nani wa Kanuni ya 18 haumo. Kinachobaki ni busara ya kawaida ya ubaharia ambayo Kanuni ya 2 inamdai kila mtu. Mtoto anayepiga kasia kutoka kisiwani kwenda shule hana nguvu ya kukukwepa, kwa hiyo mkwepe wewe mwenye injini, mapema, na punguza mwendo mawimbi yako yasimzamishe.

Kuwa safarini maana yake ni kwamba chombo hakijatia nanga, hakijafungwa nchi kavu wala gatini, na hakijakwama. Mwendo haumo kabisa kwenye fasili hiyo. Boti iliyozima injini na kuachwa ielee iko safarini, na wajibu wa kuangalia na kukwepa uko palepale. Hapa ndipo watu wanapopata majeraha: wamechoka, wanazima injini katikati ya ziwa, wanalala bila nanga na bila taa, wakiamini wameegesha. Kanuni hazina maegesho ya kuelea. Tofauti ya anayekata maji na anayeelea inaonekana kwenye taa na honi. Meli ya mashine inayokwenda kwenye ukungu inapiga honi ndefu moja, iliyosimama tu bila kukata maji inapiga ndefu mbili, na zote zisipitishe dakika mbili kabla ya kurudia.

Chombo kisichomudu kuongozwa ni kile ambacho kwa tukio lisilo la kawaida kimeshindwa kugeuka na kukwepa. Kwetu mfano unaokuja haraka ni magugu maji. Niliwahi kuwa kwenye boti ya abiria iliyopita juu ya tandazo la magugu karibu na ufuko, mizizi ikajikunja kwenye pangaboi mpaka injini ikazima. Nahodha hakubishana na mtu. Alituagiza tutundike mipira miwili myeusi, mmoja juu ya mwingine, akamshusha kijana mwenye kisu, na kivuko kilichokuwa kinakuja kikatuzunguka kwa mbali. Ingekuwa usiku zingekuwa taa mbili nyekundu. Injini ilipowaka na usukani kuitikia, mipira ikashushwa saa ileile, kwa sababu kuendelea kuitundika kungekuwa kuwaambia wengine uongo.

Hilo usilichanganye na chombo kilichobanwa na kazi yake: kinachochimba kina, kinacholaza kebo, kinachopima, chenye mpiga mbizi chini, au kinachovuta tishari zito kiasi cha kubanwa sana katika kuacha njia yake. Hicho ni kizima ila kazi haikiachii nafasi, na alama yake ya usiku ni taa nyekundu, nyeupe, nyekundu. Kivuko hakimo humo. Kivuko cha Kamanga kikivuka ghuba ni chombo cha mashine kama vingine, ijapokuwa mtu mwenye akili hakatizi mbele ya kivuko kilichojaa watu na magari. Kilichobanwa na kina cha maji nacho ni lazima kiwe cha mashine, na kinaangaliwa kwa kiasi kinachozama majini dhidi ya kina na upana wa maji yaliyopo. Ndege za majini na vyombo vinavyoruka karibu na uso wa maji visome vya mtihani, hapa hutakutana navyo.

Fasili ambayo mimi naithamini kuliko zote ni ya kuonana. Vyombo vinahesabiwa vinaonana pale tu kimoja kinapoweza kuonekana kwa macho kutoka kwenye kingine. Kuonekana kwenye rada si kuonana. Usiku mmoja tukielekea Ukerewe mvua ya radi ilitufunika, ukiwa usukani huoni hata ncha ya mbele ya meli. Kwenye rada palikuwa na chombo kikubwa mbele, upande wetu wa kushoto. Kijana wa usukani akasema huyo yuko kushoto, kwa hiyo yeye ndiye wa kutupisha. Kapteni akamjibu, "Umemwona wapi?" Alikuwa na maana kwamba kanuni ya kupisha aliye kulia kwako ni ya vyombo vinavyoonana. Mvua kubwa imetajwa waziwazi kwenye fasili ya uoni hafifu, pamoja na ukungu, theluji na dhoruba ya mchanga, na katika hali hiyo inafanya kazi Kanuni ya 19, ambayo haimpi yeyote nafasi ya kupishwa. Kila mmoja anapunguza mwendo, anapiga honi, na anajiepusha kugeukia kushoto kwa ajili ya chombo kilicho mbele yake. Tukapunguza mpaka meli ikawa inatambaa. Mvua ilipofunguka tukaona taa zake, na kuanzia dakika hiyo kanuni za kuonana zikaanza kutuhusu. Kumbuka pia kwamba mtumbwi wa mbao rada huukamata kwa shida, na mvua ikichafua kioo unaweza usionekane kabisa.

Mdau mmoja hapo juu kasema hizi ni za baharini, ziwa halimo. Ana hoja kwenye maandishi. Kanuni ya 1 inataja bahari kuu na maji yaliyoungana nayo yanayopitika na vyombo vya baharini, na hakuna meli inayopanda Nile kupita Jinja ikaingia Ziwa Victoria. Ila ziwa lina sheria zake, ikiwemo Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2007 na sheria za kila nchi, na kwetu Tanzania msimamizi ni TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Nadhani watu wanazichukulia hizi kuwa mambo ya mbali kwa sababu misiba yetu mikubwa, MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa ya kupinduka. Mtumbwi unaogongwa usiku hauandikwi sana, lakini walioko mwaloni wanajua.

Umegusia kwamba mtumbwi wenu una mita 8. Urefu kwenye fasili ni wa chombo chote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine ikifanya kazi, chini ya mita 12 unaruhusiwa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote, pamoja na za ubavuni, nyekundu kushoto na kijani kulia. Ungekuwa chini ya mita 7 na mwendo wake wa juu hauzidi noti 7, yaani kama kilomita 13 kwa saa, ile nyeupe ingetosha, na za ubavuni ungeweka ikiwezekana. Mtumbwi mwepesi wenye injini ya hosipawa 15 unaweza kuvuka mwendo huo, kwa hiyo msitegemee unafuu huo hata mkiupata mwingine mdogo. Mkiwa kwa tanga peke yake, wekeni za ubavuni na ya nyuma. Mkipiga kasia, tochi au taa nyeupe iwe mkononi tayari, na iwashwe mapema, wakati anayekuja bado ana nafasi ya kugeuka.