Tafuta mwenye shida kwanza, mradi wa programu utafuata

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wa hapa Kigoma mjini, na wengine wa Kasulu na Uvinza, ni hili: "Kaka, nimemaliza kozi ya Python. Sasa nitengeneze nini?" Python ni lugha ya kuandikia programu. Wengine wamesoma HTML na JavaScript, za kutengenezea tovuti, kwenye freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia bure, mpaka wakapata vyeti, lakini tangu siku ile hawajaandika mstari hata mmoja. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nawajua na najua wanaweza. Jibu langu siku hizi ni fupi: acha kutafuta mradi, mtafute mwenye shida.

Mtandaoni orodha za miradi ya kujifunzia zimejaa tele. Utaambiwa utengeneze kikokotoo, programu ya kuorodhesha kazi za siku, au ya kuonyesha hali ya hewa. Si mbaya kwa kuzoeza mkono. Ila hakuna anayezingoja. Ukikwama Jumanne usiku unafunga kompyuta, na Jumatano hakuna atakayekuuliza umefikia wapi. Ukimwahidi mtu unayepishana naye sokoni kila asubuhi, huyo atakuuliza, na swali lake litakurudisha kazini hata kama siku nzima umeme ulikuwa umekatika.

Mwenye shida anapatikana mahali popote penye kaunta buku. Pita Mwanga, pita Ujiji, pita Kibirizi, uangalie nani anaandika jambo lilelile mara mbili, kwanza kwenye daftari kisha kwenye simu. Angalia nani anapiga hesabu ileile kila jioni. Angalia nani anapigiwa simu kutwa nzima na watu tofauti wakiuliza kitu kimoja. Katibu wa VICOBA, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ni mfano mzuri: anatunza hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii, na mzunguko unapovunjwa anakesha akigawa faida huku wenzake wakimtazama usoni. Muuza mawese anayekopesha kwa madumu naye ana daftari lake, na ndani yake mna majina yaliyokatwa, yakaandikwa tena, yakakatwa tena.

Ukimpata, usimuulize anataka programu gani. Atakujibu "kama WhatsApp", na wote wawili mtakuwa mmepoteza muda. Muulize jana alifanyaje. Mwombe akuonyeshe daftari, ukae, umwache aeleze kwa mpangilio wake mwenyewe. Majina anayoyatumia yeye, kama hisa, jamii, dumu na deni, ndiyo yatakuwa majina ya safu kwenye hifadhidata yako. Usimletee maneno ya kitabuni.

Nitaeleza mradi mmoja kwa kirefu, kwa sababu ulinifundisha mengi kuliko kozi zote nilizosoma.

Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga wa taa huwavuta samaki pale tu usiku unapokuwa na giza. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, taa hazifui dafu, na mitumbwi mingi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Wavuvi wanayajua haya bila kuambiwa na mtu. Mwenye kuhangaika zaidi ni mfanyabiashara. Mama mmoja wa Kibirizi, ambaye hununua dagaa, huanika na kusafirisha, aliniambia hivi: "Mwanangu, mimi nataka kujua miezi mitatu mbele giza litaanza tarehe ngapi, ili nisikope hela ya mtaji wakati wa mbalamwezi." Hakutaka programu ya simu wala tovuti. Alitaka karatasi yenye tarehe, abandike mlangoni pa stoo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kutoka mwezi mwandamo mmoja (hapa nina maana ya mwezi mpya, usiku wa giza kabisa) hadi mwingine ni wastani wa siku 29.53. Ukiwa na mwandamo mmoja unaojulikana, kwa mfano ule wa tarehe 6 Januari 2000, saa 18:14 kwa UTC, saa za kimataifa, ambazo kwetu ni saa tatu na dakika 14 usiku, unahesabu siku zilizopita tangu hapo, unagawanya kwa 29.53, na baki ndiyo umri wa mwezi. Ukikaribia siku ya 15, mwezi ni mpevu. Niliandika hivi:

from datetime import datetime, timezone
kianzio = datetime(2000, 1, 6, 18, 14, tzinfo=timezone.utc)
leo = datetime.now()
print((leo - kianzio).total_seconds() / 86400 % 29.530588)

Python ikakataa. Ilirudisha TypeError ikilalamika kwamba haiwezi kutoa tarehe yenye ukanda wa saa kutoka kwenye tarehe isiyo nao. Na hapa ndipo nataka tuzungumze kwa makini kuhusu kuomba msaada, maana vijana wengi wenye uwezo wanakwamia mahali kama hapa.

Namna ya kuuliza ukajibiwa

Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp swali huja hivi: "Habari zenu wakuu. Kuna mtu anajua Python humu?" Kisha kimya. Baada ya nusu saa mmoja anajibu, "Sema mkuu, shida nini?" Muulizaji ameshatoka hewani, bando limekata. Jioni anatuma picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, kioo kinang'aa, nusu ya maandishi hayasomeki. Watu wa kwenye grupu wana moyo wa kusaidia, ila hawana pa kushika.

Salamu ni adabu yetu, nami sisemi iachwe. Salimia, lakini swali liwe ndani ya ujumbe huohuo. Sema ulitaka kupata nini, uliandika nini, ulipata nini, na umejaribu nini hadi sasa. Taja toleo la Python na mahali unapoiendeshea, iwe Windows au simu yenye Termux, programu ya kuendeshea kodi kwenye Android. Kodi, yaani mistari ya programu uliyoandika, ibandike kama maandishi. Hakuna fundi atakayetengeneza bodaboda kwa kutazama picha yake. Anayekusaidia naye anataka kuichukua kodi yako, kuiendesha kwake, na kuliona kosa kwa macho yake. Ujumbe wa kosa uweke wote kama ulivyo, na wewe mwenyewe uusome kuanzia mstari wa mwisho, kwa sababu Python huandika sababu chini kabisa.

Lililo kubwa kuliko yote ni kupunguza. Programu yangu ya mbalamwezi ilikuwa na sehemu ya kusoma faili, sehemu ya kupanga tarehe na sehemu ya kuchapa jedwali. Vyote hivyo havikuhusika. Nilifuta kipande kimoja baada ya kingine, nikiiendesha kila nilipofuta, mpaka ikabaki mistari minne uliyoiona hapo juu, na kosa bado lipo. Mistari minne mtu anaisoma akiwa amesimama kwenye foleni. Nilipoiweka mtandaoni nikajibiwa upesi: andika datetime.now(timezone.utc), ili pande zote mbili ziwe na ukanda wa saa. Mara nyingi hutafika hata hatua ya kuuliza, kwa kuwa wakati wa kupunguza kosa litajionyesha lenyewe.

Swali langu la pili lilikuwa zuri zaidi. Tarehe zangu zilikuwa zinapishana kidogo na kalenda. Nikaeleza natafuta nini na kwa ajili ya nani, na kwamba wavuvi ndio watakaozitumia. Maelezo hayo yalileta jibu ambalo nisingelipata kwa kuuliza kuhusu kugawanya tu. Mtu mmoja alinifafanulia kwamba mwezi hauendi kwa mwendo mmoja kwa sababu njia yake si duara kamili, hivyo hesabu ya wastani inaweza kupishana na mwandamo halisi hata kwa saa 14 hivi. Akanielekeza kwenye maktaba ya Python, yaani kodi iliyokwisha kuandikwa na wengine, iitwayo Skyfield. Inahitaji faili la mienendo ya sayari lenye takriban megabaiti 17, nalo ukishalipakua mara moja huhitaji tena intaneti. Kwa mtu anayehesabu bando, hilo ni jambo la kufurahia.

Kwa hiyo usiulize kipande tu, taja na lengo. Watu wa mbali hawajui Kibirizi, lakini wanaelewa kwamba kuna mama ataamua kukopa au kutokukopa kwa kutegemea tarehe zako, nao wanajibu kwa uzito huo.

Onyo moja: usibandike data za watu. Majina ya wadaiwa, namba za simu, hisa za wanakikundi, vyote vibadilishe kwa majina ya kubuni kabla ya kuuliza. Nywila na funguo za huduma zifute kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtu aliyekufungulia daftari lake amekuamini.

Wapi pa kubisha hodi

Kwa anayeanza, jukwaa la freeCodeCamp lina watu wavumilivu, na jukwaa la Python lenyewe, discuss.python.org, lina sehemu ya msaada. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu iliyoanza mwaka 2008, ni kali zaidi. Pale salamu na shukrani huondolewa kwenye swali, na swali lililokwisha kuulizwa hufungwa. Ukifungiwa usione umetukanwa. Fuata kiungo walichokuwekea, aghalabu jibu lako liko hukohuko. Magrupu yetu ya Kiswahili ya WhatsApp na Telegram ni mazuri kwa mambo ya nyumbani: malipo ya simu, SMS, bei za huduma, nani anauza laptop nzuri iliyotumika.

Kiingereza kisikutishe. Andika sentensi fupi, weka kodi na ujumbe wa kosa, na kodi yenyewe itaeleza sehemu kubwa. Na muda wetu una faida: saa tatu usiku hapa, New York ni mchana, watu wako kwenye kompyuta zao. Uliza baada ya chakula cha jioni, ubaki hewani kidogo ujibu watakachokuuliza.

Vijana wengi sasa huuliza akili mnemba kwanza. Nami naitumia, hasa kueleweshwa ujumbe wa kosa. Lakini jibu lake liendeshe uone kama linafanya kazi, na usilipeleke kwenye jukwaa kama jibu lako mwenyewe. Stack Overflow walipiga marufuku majibu ya namna hiyo tangu Desemba 2022. Isitoshe, haiwezi kukuambia kwamba mama wa stoo hahitaji programu ya simu.

Ukishapata nguvu kidogo, jiunge na miradi huria, ile ambayo kodi yake iko wazi kwa yeyote kuisoma na kuiboresha. Kwenye GitHub, tovuti inakohifadhiwa miradi mingi ya namna hiyo, tafuta lebo ya "good first issue", ambayo wasimamizi wa miradi huweka kwenye kazi wanazoziona zinamfaa mgeni. Ushauri wangu ni uleule: chagua programu ambayo mtu wa karibu yako anaitumia. DHIS2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, hutumika kukusanya takwimu za afya hapa Tanzania. KoboToolbox, ya kukusanyia taarifa kwa fomu, hutumiwa na mashirika mengi ya misaada. Ukimfahamu anayejaza fomu hizo, utajua kero ambazo mwandishi wa programu aliye Ulaya hazioni. Kuna pia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ambako unaweza kuchora vichochoro vya mtaa wako, na Common Voice ya Mozilla, mkusanyiko wa sauti za kufundishia kompyuta kuelewa matamshi, ambako Kiswahili kinahitaji sauti za watu wa lafudhi zote, ya kwetu ikiwemo. Kuripoti kosa kwa maelezo safi nako ni mchango kamili, na ni ujuzi uleule wa kuuliza.

Ukipata jibu, rudi uandike lililofanya kazi. Atakayefuata, huenda yuko Kibondo usiku wa manane, atalikuta.

Nimalizie na kazi ya yule mama. Karatasi ya kwanza ilipobandikwa, wenzake walianza kuja kunakili tarehe, na ndipo akaniomba niongeze miezi ya kufungwa kwa ziwa, maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ombi hilo likawa kazi yangu mpya, na maswali mapya ya kupeleka jukwaani. Hivyo ndivyo mradi wenye mtu unavyokua, huhitaji kubuni.

Kuhusu malipo, majaribio mimi hufanya bure, na kazi ikishazoeleka tunakubaliana bei kabla sijaongeza kitu. Mkubaliane pia data inakaa wapi. Siku utakapoondoka kwenda chuo Dodoma au kazini Dar, mwenye kazi asibaki mikono mitupu: mwachie faili la Excel analoweza kulifungua yeyote, karatasi zilizochapwa za miezi ijayo, na mtu mmoja wa jirani uliyemfundisha namna ya kuiendesha.